Karatasi za Lancashire na jina la mkulima

Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo kwanza litaonekana kuwa mbali na sisi: namna watu wa Lancashire, kaunti moja ya zamani ya Uingereza, wanavyotafuta mababu zao katika karatasi. Nikisema mababu simaanishi wafalme na mabwana wakubwa. Namaanisha mfumaji wa nguo, mkulima mwenye ng'ombe wawili, mama mjane aliyeomba msaada wa chakula. Ni watu ambao historia ya shule inawapita bila kuwasalimia. Lakini kule, mtu wa leo anaweza kupata jina la babu wa namna hiyo wa miaka 200 iliyopita, siku ya ubatizo wake, na mara nyingine hata kipande cha shamba alicholima. Juu ya nini wao wanaweza?

Mimi niliingia katika mambo hii kwa mlango wa kilimo. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Bolton na ameolewa na mwanaume wa kule. Shemeji alikuwa anafuata ukoo wake, akakwama kwenye karatasi moja ya mashamba ya karne ya 19 yenye vipimo asivyovielewa. Dada akamwambia: "Ngoja, niko na mdogo wangu kwetu, yeye alisoma agronomi." Shemeji alipata jibu lake, lakini mimi sikuacha. Niliendelea kusoma usiku, kila mara megabaiti zikiwepo, na yale niliyoyaona njo ninawaletea hapa.

1. Kwanza ujue mpaka wa zamani

Lancashire ya leo si Lancashire ya mababu. Ile ya zamani ilianza kwenye mto Mersey upande wa kusini, ikiwa na Liverpool na Manchester ndani yake, ikapanda mpaka nchi ya Furness, ng'ambo ya ghuba ya Morecambe, kaskazini. Tarehe 1 Aprili 1974 serikali ilikata mipaka upya. Manchester, Bolton, Bury, Oldham na Rochdale wakawekwa katika Greater Manchester. Liverpool ikaenda Merseyside, Warrington ikaenda Cheshire, Furness ikaenda Cumbria. Watu hawakuhama, nyumba zilibaki palepale, lakini jina la juu yao lilibadilika.

Mtu anayetafuta babu wa Bolton wa mwaka 1800 lazima asahau Greater Manchester kabisa, kwa sababu karatasi za wakati ule hazijui jina hilo. Karatasi nyingi za kaunti zinalindwa Preston, katika arkivu ya Lancashire. Na hata ndani ya kaunti kulikuwa mpaka mwingine. Kabla ya mwaka 1858 wosia za marehemu zilipita kwenye mahakama za kanisa. Aliyekufa kusini ya mto Ribble, wosia wake ulienda kwa askofu wa Chester. Aliyekufa kaskazini ya mto, ulienda upande wa Richmond, katika Yorkshire. Mto mmoja tu, na unaweza kukupotezea miezi.

Sisi hii tunaielewa bila mwalimu. Kivu ilikuwa moja mpaka 1988, ikazaa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katanga iligawanyika mara nne mwaka 2015. Koko wako anaweza kuwa na karatasi iliyoandikwa Costermansville, wewe ukatafuta Bukavu na usione kitu. Sheria ya kwanza ya kazi hii ni hiyo: tafuta mtu kwa mpaka wa siku yake, hapana kwa mpaka wa siku yako.

2. Kitabu cha parokia na nakala ya askofu

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia ya Uingereza iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Watu hawakufurahi. Wengi waliogopa kwamba ni njia mpya ya kutoza kodi. Na kweli nia yake haikuwa kumsaidia mjukuu wa leo atafute ukoo. Serikali ilitaka kujua nani ni nani.

Jambo ambalo mimi naliona la maana zaidi lilikuja baadaye. Mwaka 1598 iliamriwa kwamba kila mwaka parokia itume nakala ya kitabu chake kwa askofu. Sasa uone faida. Kanisa likiungua, padri akiwa mzembe, maji yakiingia ndani ya sanduku, bado kuna karatasi ya pili mahali pengine. Kuna majina mengi ya Lancashire ambayo leo yanasomeka juu ya nakala ya askofu peke yake.

Lancashire ilikuwa na shida yake. Parokia zake zilikuwa kubwa sana. Parokia ya Whalley, kwa mfano, ilikuwa moja ya zile kubwa kuliko zote Uingereza, na ndani yake vijiji vingi na makanisa madogo mengi. Mtu angeweza kubatizwa kwenye kanisa dogo la mlimani, akaoa kwenye kanisa kubwa, akazikwa kwingine. Tena kaunti hiyo ilibaki na Wakatoliki wengi hata wakati dini yao ilipokatazwa. Kuanzia mwaka 1754 sheria ililazimisha karibu wote, isipokuwa Waquaker na Wayahudi, kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana, na kutia sahihi. Kwa hiyo Mkatoliki wa Preston anaonekana amefunga ndoa kwa Waanglikana. Hakubadilisha dini. Alifuata sheria tu, ili ndoa yake itambuliwe. Na asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba karibu na jina lake. Ule msalaba mdogo, uliochorwa na mkono usiozoea kalamu, njo kitu pekee ambacho wengi wao wametuachia kwa mkono wao wenyewe.

Kitu kinachowasaidia ni jina la ukoo, ambalo baba anamwachia mtoto. Lancashire iko na majina mengi yaliyotoka kwenye udongo: Entwistle, Pilkington, Ramsbottom, Shuttleworth, yote ni majina ya mahali kwanza, kisha yakawa ya watu. Kwetu ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne. Kisha mwaka 1972 Mobutu akaondoa majina ya Kikristo, na Joseph wa kitabu cha ubatizo akawa mtu mwingine kabisa kwenye kitambulisho. Hiyo si aibu, lakini mtafutaji lazima aijue.

3. Fungu la kumi lililochora mashamba

Hapa sasa ndipo moyo wa agronomu unaruka. Kwa karne nyingi wakulima wa Uingereza walilipa kanisa fungu la kumi la mavuno: mganda wa kumi wa nafaka, na hivyo hivyo kwa majani makavu, kondoo na mazao mengine. Ugomvi ulikuwa mwingi. Mwaka 1836 bunge lilipitisha sheria ya kugeuza fungu hilo kuwa pesa za kila mwaka. Ili kujua nani alipe ngapi, ilibidi kupima. Wapimaji wakatembea parokia baada ya parokia, wakachora ramani kubwa, kila kipande cha shamba na namba yake. Pamoja na ramani kulikuwa orodha: mwenye ardhi, anayelima, jina la shamba, matumizi yake, na ukubwa.

Usome tena: mwenye ardhi, NA anayelima. Njo maana karatasi hizi ni dhahabu kwa maskini. Mpangaji asiye na mali yoyote yuko pale, kwa jina lake, kwenye udongo alioushika.

Karatasi ya shemeji ilikuwa ya namna hiyo. Babu yake alikuwa mpangaji wa vipande vitano, jumla ekari 7, rood 2 na perch 14. Hivyo njo vipimo vilivyomsumbua. Ekari moja ni karibu ari 40. Rood ni robo ya ekari, basi ari 10 na kidogo. Perch 160 zinafanya ekari, kila moja karibu mita za mraba 25. Ukijumlisha unapata hektari 3 na kidogo. Katika vile vipande vitano, kimoja tu kililimwa. Vingine vyote vilikuwa majani ya kulisha na kukata.

Majina ya mashamba yenyewe yanaongea. Shamba moja liliitwa Rushy Field, maana yake shamba la matete. Sote tunajua matete yanaota wapi: mahali maji hayatoki, udongo mzito, mizizi inakosa hewa. Lingine liliitwa Marled Field. Hilo ni shamba lililomwagiwa udongo wenye chokaa, uliochimbwa mashimoni, kupunguza uchachu. Wakulima wa Lancashire walifanya kazi hiyo karne nyingi kabla mtu yeyote hajapima pH. Nchi yao ni ya mvua na baridi, ngano haipendi, kwa hiyo nafaka yao ilikuwa shayiri nyembamba ile wanayopikia uji, pamoja na viazi, ambavyo Lancashire ilivipokea mapema kuliko sehemu nyingi za Uingereza.

Lakini hektari 3 za majani na matete hazilishi familia ya watu wanane. Mtu huyu aliishi na nini? Jibu lilikuwa kwenye karatasi nyingine, hesabu ya watu ya 1841: kazi yake imeandikwa mfumaji wa nguo kwa mkono. Ng'ombe kwa maziwa, shamba dogo kwa uji, na mtambo wa kufuma ndani ya nyumba kwa pesa. Familia nyingi za vilima vya Lancashire ziliishi hivyo, mguu mmoja shambani, mguu mwingine kwenye pamba. Viwanda vilipoleta mitambo ya mvuke, bei ya kazi ya mkono ilianguka, na watoto wao wakashuka mjini. Karatasi moja inakupa udongo, nyingine inakupa kazi, na ukizikutanisha unaona maisha.

Na tena, kila ramani ya fungu la kumi ilifanywa nakala tatu: moja London, moja kwa askofu, moja parokiani. Mkumbuke ile namba tatu.

4. Maskini mbele ya hakimu

Kuna karatasi nyingine ambazo zinaumiza kuzisoma. Sheria ya mwaka 1662 ilisema kwamba kila maskini ana parokia yake, na ni ile tu inayopaswa kumsaidia. Mtu akianguka katika shida mahali pa ugeni, wakubwa wa parokia walimpeleka mbele ya mahakimu aulizwe: ulizaliwa wapi, ulijifunza kazi kwa nani, ulitumika kwa nani mwaka mzima, baba yako alikuwa wa wapi? Kama si wa pale, alirudishwa kwao, mara nyingine na mke mjamzito na watoto.

Nia ilikuwa mbaya, ya kubana pesa. Lakini karani aliandika majibu. Kwa hiyo mtu asiyejua kusoma, asiye na shamba wala nyumba, ameacha hadithi ya maisha yake katika nusu ukurasa. Katika Preston kuna pia maombi mengi ya maskini kwa mahakama za kaunti, kuanzia karne ya 17: mzee amepofuka, mjane ameachwa na watoto wadogo, mfumaji amevunjika mkono. Kila ombi na jina, na kila jina na kijiji.

Nimefikiri sana juu ya hii. Maskini wa Lancashire hawakuandikwa kwa sababu walipendwa. Waliandikwa juu ya kodi, juu ya zaka, juu ya kuwashuku. Lakini aliyewaandika aliweka vitu vitatu pamoja: jina, mahali, tarehe. Hivyo vitatu vikikaa pamoja, na karatasi ikalindwa, basi hata karatasi ya dharau inaweza siku moja kumrudisha mtu kwa wajukuu wake.

5. Aprili 1911, Bolton na Lusanga

Kuanzia tarehe 1 Julai 1837 serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Hesabu ya watu ya 1841 iliandika majina ya wote, lakini umri wa watu wazima ulishushwa kwenye tano: mwenye miaka 38 aliandikwa 35. Ile ya 1851 iliongeza parokia ya kuzaliwa na uhusiano na mkubwa wa nyumba. Kila moja inafunguliwa kwa watu wote baada ya miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ile ya 1931 iliungua yote kwa moto mwaka 1942. Nakala ya pili haikuwepo. Hata wao wanapoteza.

Ile ya tarehe 2 Aprili 1911 ni ya peke yake. Kwa mara ya kwanza zilihifadhiwa fomu zenyewe, zilizojazwa na mkubwa wa nyumba kwa mkono wake. Na kulikuwa swali kwa wanawake walioolewa: watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Mfanyakazi wa kiwanda cha pamba Bolton, usiku ule, aliandika kwa kalamu yake: tisa, watano, wanne. Serikali ilimuuliza hata juu ya watoto wake marehemu.

Siku 12 baadaye, tarehe 14 Aprili 1911, mtoto mwingine wa Bolton alikuwa anatia mkataba na serikali ya Ubelgiji juu ya Congo yetu. William Lever, aliyezaliwa Bolton mwaka 1851, mwana wa mwuza duka, tajiri wa sabuni. Mkataba ule ulimpa maeneo matano ya duara, kila moja na kilomita 60 kutoka katikati mpaka ukingo, na haki ya kuchukua humo mpaka hektari 750.000 za michikichi. Lusanga ikaitwa Leverville. Lokutu ikaitwa Elisabetha. Wanaume walisukumwa, kwa kodi na kwa nguvu, kupanda michikichi na kukata mikungu ya mawese kwa ajili ya sabuni.

Mkataba unaongea hektari na viwanda. Hakuna aliyemuuliza mkataji wa Lusanga amezaa watoto wangapi na amezika wangapi. Kaunti ileile, mwaka uleule, mwezi uleule. Mjukuu wa mfumaji anafungua fomu na kuona mwandiko wa babu yake. Mjukuu wa mkataji, akitaka kuanza, lazima kwanza ajue kwamba kijiji chake kilikuwa kinaitwa kwa jina la mwuza sabuni.

6. Na sisi sasa

Sitaki tumalize kwa kulia. Kwetu pia kuna karatasi: vitabu vya ubatizo vya misioni, état civil ya komini, daftari za kodi za chefferie. Zitafuteni, na mtafute kwa majina ya zamani. Lakini hesabu ya watu ya mwisho ya nchi nzima ni ya 1984. Tena sehemu kubwa ya historia yetu iko ndani ya vichwa vya bazee. Fikirieni kalinzi ya Bushi: mtu anatoa ng'ombe, anapokea shamba yeye na uzao wake, na mashahidi wanaona. Ilikuwa mkataba wa kweli. Lakini mashahidi wanakufa, na mara ile ndugu wawili wako mahakamani juu ya mgomba mmoja, kila mmoja na babu yake mdomoni.

Sisi agronomu, na wauguzi, na walimu, kila wiki tunatembea vilimani na fishi. Kwenye uchunguzi mmoja niliofanya, mkulima aliandikwa "kaya 27". Fishi ilijua mbegu yake, mbolea yake, hasara yake ya mihogo juu ya ugonjwa wa mozaiki. Jina lake halikuwemo. Kwa ripoti inatosha, na kuna wakati ambapo kuficha jina ni kumlinda mtu, hasa huku kwetu. Lakini daftari ya mkulima mwenyewe, ile tunayomwachia nyumbani, haina sababu ya kukosa jina.

Njo maana siku hizi, kazi ikiisha, naomba ruhusa ya dakika kumi. Naandika jina lake lote, majina ya baba na mama, kijiji na jina la kilima, nani alimpa shamba na mbele ya nani, mipaka yake: mto, mti, jiwe. Naweka tarehe. Nafanya nakala mbili: moja inabaki kwake, nyingine kwa mtoto aliye mbali au kwa mchungaji wa kanisa lake. Bazee wengi wanafurahi. Mmoja aliniambia: "Mwanangu, mpaka leo walikuwa wananiuliza tu nimevuna ngapi."

Gharama ni karatasi mbili na bik moja. Kama kila mmoja wetu atafanya hivyo kwa mtu mmoja tu kabla ya mwaka kuisha, aanze na koko wake mwenyewe kama bado yuko hai, tutakuwa tumeandika majina mengi kuliko tunavyofikiri. Jina, mahali, tarehe, na nakala ya pili.